Aliyewajua Nyoka wa Kidimbwi

Damari alikuwa mwanamke wa kukaa. Wenzake wa bonde la Ilwiji, chini ya milima ya Mbeya, walimsifu kwa hilo na kumcheka kwa hilo hilo. Wao walipomaliza kumwagilia vinyungu vyao, bustani zile za bondeni zinazolimwa wakati wa kiangazi, walijitwika madebe wakapanda mlima mbio mbio, maana nyumbani kuna jiko, kuna watoto, kuna kuku anayeparua mbegu. Damari naye alikuwa na jiko na watoto na kuku. Lakini kila siku, kazi ikiisha, alinawa miguu, akakaa juu ya jiwe bapa kando ya kidimbwi, akatazama maji kwa muda wa kutosha kuivisha sufuria ya viazi. Kisha akainuka, akaenda zake.

"Unamngoja nani hapo, mwenzangu?" Apolonia alikuwa akimwuliza. Huyu alikuwa jirani yake wa kinyungu, mwanamke wa Kihesa, Iringa, aliyeletwa Mbeya na mume mtengeneza barabara.

"Nawangoja wenye mji."

"Wenye mji wenyewe hawana miguu."

"Ndiyo maana hawanikimbii."

Wenye mji walikuwa nyoka wa maji.

Mazoea hayo yalianzia kwenye aibu. Mwaka alioanza kulima pale, elfu moja mia tisa arobaini na tisa, alimkuta nyoka amelala kwenye tuta la maharage, akampiga jembe. Nyoka alikimbilia majini, ila mkia wake ulibaki pale juu ya udongo, ukirukaruka peke yake kama kitu chenye akili. Damari aliutazama mpaka ukatulia. Baada ya wiki mbili akamwona yule yule, mkia butu, anaogelea kando ya matete akiwinda viluwiluwi kana kwamba hapakutokea neno. Damari alijiambia, "Nimempiga mtu anayefanya kazi zake." Siku ile ndiyo aliyokaa kwa mara ya kwanza.

Kwa miaka saba alikaa, na kwa miaka saba alijifunza. Aliwajua kwa mgongo wao wa rangi ya majani yaliyooza, kwa tumbo lao la manjano, na kwa mdomo wa juu wenye vistari vyeusi kama mshono wa mshonaji asiye na haraka. Mkubwa wao hakuzidi urefu wa mkono wa mtu mzima. Walitoka vyumbani mwao, kama alivyopenda kuita yale mashimo ya chini ya mawe, jua likishapasha ukingo wa upande wa mashariki. Waliota jua kwanza, wakawinda baadaye. Walikula vyura na visamaki. Walitaga mayai kwenye rundo la magugu yaliyooza, na Damari alipolijua rundo hilo alihamishia magugu yake kwingine, akaliacha likae. Kifutu alimjua, na swila alimjua, na hao wenye sumu hakuwakalia. Lakini nyoka wa maji alimshika kwa mkono wake siku moja ili ajue. Hakuumwa. Alinyewa kitu chenye harufu mbaya ambayo sabuni ya mche haikuiondoa mpaka jioni, na mume wake akala ugali amegeukia mlangoni.

Mume wake aliitwa Asukile. Alikuwa mpasua mbao, mtu wa kifua kipana, ambaye aliweza kusimama chini ya gogo shimoni tangu asubuhi hadi adhuhuri, unga wa mbao ukimwingia machoni, akivuta msumeno bila kulalamika. Alishawahi kumfukuza chui kwa kelele tu. Lakini nyoka, hata nyoka wa kusimuliwa, alimfanya anyanyue miguu kutoka chini. Sababu yake watu waliijua, kwa hiyo hawakumcheka sana. Alipokuwa mdogo akichunga ng'ombe kwao Rungwe, kaka yake alikanyaga kifutu asubuhi, na jua lilipotua walikuwa wamekwisha kumzika.

Sasa, kanisa lao lilikuwa dogo, la paa la nyasi, na liliamini kwamba mtu hajabatizwa mpaka maji yamfunike hata nywele. Mahali pekee penye maji ya kumfunika mtu mzima mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, palikuwa pale kidimbwini. Apolonia, ambaye alikuwa Mkatoliki, hakuacha kuwatania. "Sisi kwetu padri anakumwagia kikombe kimoja, unafuta uso, unakwenda kula. Nyinyi mnataka kumzamisha mzee wa watu kama nguo chafu!"

Damari alibatizwa mwaka wa hamsini na mbili. Asukile alisoma mafundisho, akayajua yote, akawa anawasahihisha hata waliobatizwa. Lakini siku ya maji ilipofika mwaka wa hamsini na nne, alishikwa na tumbo. Mwaka wa hamsini na tano akapata safari ya ghafla ya kupeleka mbao Chimala. Na kanisa lile lilikuwa na utaratibu wake: anayeyakimbia maji mara tatu anafutwa darasani, wala haandikwi tena. Kila Meza ya Bwana ilipoandaliwa, Damari alikwenda mbele peke yake, na Asukile alibaki kwenye benchi la nyuma pamoja na watoto, magoti yake makubwa yakiwa karibu na masikio. Mwaka huu wa hamsini na sita ulikuwa wa tatu. Damari alitaka jambo moja tu: mume wake aingie majini.

Mzee Saulo naye alilitaka jambo hilo hilo, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa pareto, mtu mwema asiyependa kukaa na shida bila kuipiga kwa kitu. Aliwaita wazee wenzake wiki moja kabla ya ubatizo, akamwita na Damari, maana ndiye aliyekuwa na kazi ya kusafisha kidimbwi.

"Ni utupa tu, ule mti wa kulewesha samaki," alisema. "Tunatwanga vikapu viwili vya majani, tunatia Ijumaa. Jumapili kidimbwi hakina hata chura, na ndugu yetu Asukile anaingia kama anaingia chumbani kwake."

Damari aliinamisha kichwa kwa heshima, lakini sauti yake haikuinama. "Tata, utupa unaangusha samaki. Nyoka hauwezi kumwangusha."

"Samaki anakufa, chura analewa, nyoka yeye atasimama wapi?"

"Samaki pumzi yake imo majini. Nyoka pumzi yake iko juu, anatoa pua kama wewe ukioga. Samaki wakilewa, nyoka wa mto mzima watakuja kula. Mwaka juzi vijana walitia utupa kule chini kwenye daraja la magogo. Mahali penye nyoka watatu, nilihesabu kumi na tisa."

"Ulihesabu?"

"Nilihesabu."

"Na Asukile anakula saa ngapi, wewe ukihesabu nyoka?"

Wazee wakaangua kicheko. Damari naye alicheka, maana neno lenyewe lilikuwa tamu. Lakini hakuondoka. "Anakula saa saba, Tata, na anashiba. Utupa usitie."

"Tumesikia, mama," alisema Mzee Saulo.

Kusikia ni kazi ya masikio. Jumamosi asubuhi Damari alikuwa anapepeta maharage uani aliposikia mtu anapanda mlima anahema. Alikuwa Apolonia, kitenge mkononi, kichwa wazi.

"Mwenzangu, huko chini kuna arusi! Samaki wanaelea matumbo juu, na wenye mji wamekuja na koo zao zote. Nimeacha ndoo yangu huko, sirudi kuichukua, hata akinituma padri!"

"Maji ya kunywa?"

"Nimewapigia kelele wanawake wa chini wasichote mpaka kesho. Wamenisikia."

"Umefanya vema."

Damari aliweka ungo chini. Ndani, Asukile alikuwa anajaribu shati jeupe la kesho, akivuta mikono iliyomfikia nusu. Kwa muda wa pumzi tatu Damari alisimama mlangoni akifikiri. Angeweza kunyamaza. Utupa ungesombwa na maji mpaka jioni, Apolonia angeweza kufungwa mdomo kwa maboga mawili. Lakini mtu anayeogopa akigundua mwenyewe kwamba alidanganywa, huogopa mara mbili: anamwogopa nyoka, anamwogopa na aliyemdanganya. Na miaka yote ile Asukile hakuwahi kulikuta neno lake limepinda.

"Baba Eliezeri," alisema, "Mzee Saulo ametia utupa. Kidimbwi kimejaa nyoka. Vua shati, twende ukawaone."

Asukile aliketi kitandani. "Kwa nini unaniua, Mama Eliezeri?"

"Nakupeleka ukatazame, sikupeleki ukaingie. Kesho utaamua mwenyewe. Lakini uamue kwa kile ulichokiona, siyo kwa kile ulichosimuliwa."

"Nilichokiona nilikiona Rungwe."

"Yule alikuwa kifutu. Hawa siyo ndugu zake hata kwa ukoo wa kuoana."

Asukile akavua shati, akachukua shoka lake la kazini, akamfuata. Damari hakumwambia aliache.

Juu ya lile jiwe bapa, Asukile alikaa kama kuku aliyelowa, magoti kifuani, shoka juu ya magoti. Damari alikaa kati yake na maji. Maji yalikuwa yametulia, yana rangi ya chai ya maziwa. Visamaki vya fedha vilielea, vingine vikitikisa pezi moja moja. Na kila upande wa matete palikuwa na mfereji mwembamba unaochorwa majini, na mbele ya kila mfereji palikuwa na kichwa kidogo.

"Wanne," alisema Asukile kwa sauti ya mtu anayeungama.

"Tazama chini ya jani lile pana."

"Sita. Mungu wangu. Saba."

"Usihesabu tu. Chagua mmoja, umfuate huyo huyo. Ukiwatazama wote utaona nyoka. Ukimtazama mmoja utaona anachofanya."

Alichagua mmoja wa katikati, mwenye kovu shingoni. Yule alimkamata samaki kwa ubavu, akamburuta mpaka ukingoni, akaanza kumgeuza taratibu kwa taya, mpaka kichwa cha samaki kikatangulia. Kisha akameza. Asukile aliinama mbele kidogo bila kujijua. Mpasua mbao anaijua kazi inayofanywa kwa utaratibu.

"Kwa nini amemgeuza?"

"Mapezi. Akimeza kinyume yatamchoma koo."

"Nani amemfundisha?"

"Mimi sijui. Muulize Mchungaji."

Wa pili alikuwa amepata samaki mnene kuliko kichwa chake mara mbili. Alimshika, akamwachia, akamshika tena, akamzunguka, akajaribu kutoka upande mwingine. Mwenzake alikuja kumwibia, wakavutana, samaki akawaponyoka wote wawili akazama. Nyoka wale wakabaki wanatazamana.

Asukile alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilichomtoka kama kikohozi, na alikishangaa mwenyewe. "Huyu mlafi kama Saulo kwenye pilau ya watu!"

"Mzee wa kanisa huyo, mheshimu."

"Namheshimu. Ni mlafi."

Jua lilipofika juu ya mkuyu, mambo yalianza kubadilika, na Damari akamwonyesha kwa kidole. Walioshiba walikuwa wanatoka majini. Walipanda ukingo wa mashariki, wenye nyasi ndefu na jua, matumbo yao yamevimba kama soksi iliyotiwa yai. Wengine waliingia chini ya mawe, wengine walijikunja juu ya nyasi zilizolala, wakatulia.

"Hao basi," alisema Damari. "Akishiba anataka jua, hataki maji. Tumbo lake linapikwa na jua. Akirudi kwenye baridi, chakula kinamwozea. Kesho asubuhi hawa wote watakuwa pale pale wamelala, na kesho kutwa pia. Kidimbwi kitakuwa kitupu kuliko siku yoyote tangu nilipoanza kukijua."

"Umejuaje?"

"Nimekaa nikatazama. Mwaka juzi, baada ya ule utupa wa vijana, nilikuja siku tatu mfululizo. Hawakuingia majini mpaka siku ya tatu mchana."

Asukile aliutazama ukingo ule muda mrefu. "Lakini ndipo tunapoingilia majini. Pale kwenye nyasi."

"Kesho hatutaingilia pale," alisema Damari.

Mchana huo huo alikwenda kwa Mchungaji Jailos. Mchungaji alikuwa mtu wa makini, miwani yake imefungwa kwa uzi, na hakupenda kubadilishiwa utaratibu.

"Tumeingilia upande wa mashariki miaka yote, mama. Kuna jua, kuna nafasi ya waimbaji. Upande wa magharibi ni kivuli na mawe matupu."

"Ndiyo maana hakuna nyoka, Mchungaji. Mawe ya kivulini ni baridi. Hata mmoja hatakaa pale."

"Waimbaji watatetemeka."

"Watetemeke, sauti itakuwa na mawimbi mazuri."

Mchungaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Na nikikataa?"

"Ukikataa, waumini wako sitini watakanyaga nyoka kumi na nne waliolala. Watakaoamka watakimbilia majini, alipo Asukile. Na kesho ni mara ya tatu."

Mchungaji aliitikia kwa kichwa.

Asubuhi ya Jumapili waumini waliteremka bondeni wakiwa na nguo nyeupe na nyimbo. Damari alikuwa ametangulia. Alipita kwenye mawe ya kivulini moja baada ya jingine, akayapapasa kwa mkono wake mwenyewe, akaridhika. Aliponyanyua macho, akamwona Mzee Saulo upande wa pili, kwenye nyasi za jua, na fimbo ndefu mbili. Alikuwa amekwisha kuinua moja ili apige.

"Tata!"

Fimbo ilibaki hewani.

Damari aliruka mawe matatu ya kivukoni akafika kwake. Hakumpigia kelele. Mzee Saulo alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala, maana jana alikuwa amekuja kuona kazi yake, na aliyoyaona aliyaona.

"Nataka kuwafukuza, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyewaita."

"Ukipiga nyasi watakwenda wapi, Tata?"

Aliyatazama maji. Akashusha fimbo.

"Nisaidie kazi moja ngumu," alisema Damari. "Simama hapa. Mtu yeyote asikanyage upande huu, hata mtoto, hata mbwa. Na wewe mwenyewe usitikisike. Tazama miguuni pako, kwenye lile jani kavu. Mmoja yuko pale."

Mzee Saulo alitazama. "Amelala?"

"Fofofo."

"Basi nitasimama," alisema, akasimama wima kama askari wa boma, fimbo zote mbili zimeshikwa kifuani.

Waliobatizwa kwanza walikuwa wanawake wanne na kijana mmoja. Waliingia, wakazamishwa, wakatoka wakitetemeka. Waimbaji nao walitetemeka, na wimbo kweli ulipata mawimbi. Kisha Mchungaji Jailos, maji yakiwa kifuani, akaita jina la Asukile.

Asukile alikuwa amesimama juu ya jiwe la mwisho, shati jeupe limembana mabegani. Kila mtu alijua kuhusu tumbo, kila mmoja alijua kuhusu safari ya Chimala. Alimtafuta mkewe kwa macho, akampata pale ukingoni na blanketi mikononi. Damari hakumpungia, hakutabasamu. Alimtazama tu, kama anavyotazamwa mtu mzima. Asukile akaweka mguu majini, akaweka wa pili, akaenda mpaka maji yakamfika kwenye mbavu.

Mchungaji alikuwa amekwisha kumshika mgongo na mkono alipotokea nyoka mmoja. Alikuwa mdogo, mwembamba, tumbo halina kitu. Bila shaka karamu ya jana ilimpita. Alitoka kwenye matete ya juu, kichwa nje ya maji, akaja moja kwa moja katikati ya kidimbwi. Mwanamke mmoja alipiga ukelele. Wimbo ulikatika. Mchungaji aliganda, miwani yake ikateleza mpaka ncha ya pua.

Damari alilibana blanketi kifuani. Kwa miaka saba alikuwa amewajua, lakini hakuwahi kusema kwamba hata mmoja hatakuwa na njaa.

Asukile alimwona. Kila mtu aliona kwamba amemwona, maana shingo yake ilisimama mishipa. Nyoka alizidi kuja, akichora ule mfereji wake mwembamba, akafika umbali wa hatua mbili. Mpasua mbao hakukimbia. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayetazama kazi ya mwenzake, akamfuata kwa macho yule mmoja peke yake.

"Mchungaji," alisema, sauti yake ikiwa nzito lakini haijakatika, "tumpishe apite. Ana njaa huyo, anawahi vyura."

Wakasogea nyuma hatua moja, wote wawili, maji yakiwapiga vifuani. Nyoka alipita mbele yao, akaelekea kwenye matete ya chini.

"Endelea sasa," alisema Asukile, "kabla sijafikiri."

Mchungaji Jailos alisema maneno yake kwa haraka kuliko desturi. Akamlaza nyuma, maji yakamfunika uso, yakamfunika na nywele, yakajifunga juu yake. Ng'ambo, Mzee Saulo alisahau amri aliyopewa akatupa fimbo zote mbili juu, akipiga kigelegele kama mwanamke, na hakuna aliyemzuia.

Asukile aliibuka akitema maji, kipande cha jani kimemnasa kwenye sikio. Waimbaji walikuwa wamekwisha kuanza upya, Mchungaji alikuwa anamwita ndugu, watu wakimnyoshea mikono kutoka mawe yote. Yeye alifuta macho, akageukia ukingo aliposimama mkewe.

"Mama Eliezeri! Yule amefika?"

Damari aliyatazama matete ya chini, bila haraka, kama alivyoyatazama miaka yote. Majani mawili yalitikisika, kisha yakatulia.

"Amefika," alisema, akakunjua blanketi.